Mashine ya Kupumulia (2): Namba Nzuri, Mgonjwa Hoi

Wiki jana tulieleza jinsi mashine inavyosukuma hewa mapafuni. Leo tumtazame muuguzi anayeilinda, na namba anazosoma.

Namba inayoaminiwa kupita zote hutoka kwenye kile kifaa cha kubana kidoleni, kilichotokana na kazi ya Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970. Mwanga hupenya kidole, na rangi ya damu huonyesha kiasi cha oksijeni iliyobebwa. Hapa Uvira, mita 770 hivi juu ya bahari, mtu mzima mwenye afya husoma 95 au zaidi. Ila kifaa hicho hakioni hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua. Mwaka 1952, Copenhagen, wagonjwa wa polio waliopewa oksijeni walikufa bila kugeuka rangi. Bjørn Ibsen ndiye aliyetambua kwamba hewa ukaa iliwajaa mwilini.

Kwetu somo hilo huletwa na kolera, ambayo mitaa ya Mulongwe na Kalundu inaijua mno. Aliyeishiwa maji huhema haraka na kwa kina, jamaa wakadhani ni mapafu. La. Kuhara kumemwaga bikaboneti, ile izimayo asidi, damu imejaa asidi, na mwili unafukuza hewa ukaa ili kupunguza asidi hiyo. Dawa ni serumu: Ringer lactate mililita 100 kwa kila kilo ya uzito, 30 za kwanza, kwa mtu mzima, ndani ya nusu saa. Pumzi zikitulia huku mapigo ya mkononi yakirudi, ni nafuu. Zikitulia huku mgonjwa akisinzia, amechoka.

Sasa mgonjwa huyo, aliyekuwa akipumua mara 35 kwa dakika, alazwe usingizi na kuunganishwa na mashine iliyopangiwa pumzi 14. Kidoleni patasoma 99, asidi itapanda, na moyo waweza kusimama. Kwa hiyo pumzi zihesabiwe kabla, dakika nzima (si robo dakika mara nne, kama wengi wetu tufanyavyo), na mashine ifuate hesabu hiyo. Kapnografu, penye bahati ya kuwa nayo, hupima hewa ukaa katika kila pumzi inayotoka. Wimbi lake likitoweka ghafla, mpira wa koo umechomoka au umeziba, au moyo umesimama.

Umeme ukikatika, puto la mkono hushika zamu. Hapo hatari hubadili mikono tu: anayeliminya akichoka hulegeza kasi, na namba ya kidoleni haitamsuta.

Itaendelea wiki ijayo.