Bahari Haijui Jumatatu

Tuseme mgeni amefika Mnarani siku ya Jumatatu, siku mbili baada ya mwezi kuandama. Saa nne na nusu asubuhi anateremka ufukweni, pale mkono wa bahari wa Kilifi unapokutana na bahari kuu, na anakuta maji yamekwenda zake. Mwamba uko wazi. Madau yamelala ubavu. Akina mama wameinama wakiokota chaza, na kijana mmoja anarudi na pweza wawili kwenye ncha ya chuma chake. Mgeni anapendezwa, na jioni anawaalika wenzake: Jumatatu ijayo, saa nne na nusu, tukatembee mwambani.

Jumatatu inafika. Saa ni ile ile, wote wameteremka na viatu mkononi, na mwamba hauonekani. Madau yanaelea. Akina mama hawapo, pweza hayupo, na kijana wa juzi amekaa kivulini akishona wavu.

Mgeni hakukosea saa wala hakukosea siku. Alichokosea ni kalenda. Wiki ni hesabu ya ofisi na shule, ina siku saba kwa sababu watu walikubaliana hivyo. Bahari haiijui. Maji hujaa na kupwa kwa kuchelewa takriban dakika 50 kila siku. Zidisha mara saba, upate dakika 350, yaani karibu saa sita. Na kutoka maji kupwa hadi kujaa ni kama saa sita na robo. Kwa hiyo, anayerudi baada ya wiki moja kwa saa ile ile atakuta karibu kinyume cha alichokiacha. Akirudi baada ya wiki mbili atakuta mwamba uko wazi tena, kana kwamba ulikuwa ukimngoja.

Kijana anayeshona wavu anayajua haya bila kuzidisha. Ameyapata kwenye maneno.

Neno lenye maji ndani yake

Tuanze na neno tunalolitamka kila siku: pwani. Kwa aliyesoma bara, pwani ni sehemu ya ramani iliyo kando ya bahari. Lakini lichambue neno lenyewe. Ndani yake mna kitenzi kupwa, yaani maji kurudi nyuma, na mwishoni mna kile kiambishi cha mahali tunachokisikia katika nyumbani, shambani na Mnarani kwenyewe. Pwani ni pale maji yanapopwa. Ni ardhi yenye wenyewe wawili, bahari kwa saa sita na binadamu kwa saa sita. Neno hilohilo limezaa kipwa, jina la mwamba au fungu linalojitokeza maji yakitoka. Ng'ambo ya daraja kuna chuo kikuu kizima kinachobeba jina la Pwani, na sidhani kama wanafunzi wengi huwaza kwamba kwenye cheti chao pameandikwa habari za maji kupwa.

Maneno ya namna hii si mapambo. Ni vipimo. Mvuvi ana mawili anayoyatumia kama fundi anavyotumia futi: bamvua na maji mafu. Bamvua ni siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana. Maji mafu ni siku ambazo bahari hupanda kidogo na kushuka kidogo, kama mgonjwa anayepumua taratibu. Katika mwambao wetu wa Mombasa na Kilifi, siku za bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu hukaribia mita 1 tu.

Wawamba ngoma wawili

Kwa nini iwe hivyo? Jibu alilitoa Isaac Newton katika kitabu chake cha mwaka 1687, naye alitumia hesabu kueleza kile ambacho mabaharia walikwishakiishi kwa karne nyingi. Mwezi huyavuta maji yaliyo upande wake kwa nguvu kuliko unavyouvuta moyo wa dunia, na huuvuta moyo wa dunia kuliko maji ya upande wa pili. Yakazuka matuta mawili ya maji, moja likiuelekea mwezi na jingine likiupa mgongo. Dunia inapojizungusha, Mnarani hupita kwenye matuta yote mawili, ndiyo maana maji hujaa mara mbili kwa siku. Lakini mwezi nao hausimami kungoja. Siku nzima ikipita umeshasogea mbele kidogo, na dunia huhitaji dakika nyingine 50 kuufikia. Huko ndiko kuchelewa kulikomponza mgeni wetu.

Jua nalo lina mkono wake. Uzito wake ni kama mara milioni 27 ya uzito wa mwezi, na mtu angetegemea kwamba ndilo lingetawala bahari. Lakini liko mbali kiasi cha mara 390 kuliko mwezi, na nguvu inayoinua maji hupungua upesi sana kwa umbali: umbali ukiwa mara mbili, nguvu hiyo hupungua mara nane. Piga hesabu yote mpaka mwisho, na jua linabaki na nguvu isiyofika nusu ya ile ya mwezi.

Wazee husema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Juu ya bahari wako wawamba ngoma wawili. Mwezi unapokaribia kuandama na unapokuwa mpevu, jua, dunia na mwezi huwa katika mstari mmoja, nguvu mbili zikasaidiana, na hiyo ndiyo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, mmoja huvuta huku na mwingine huvuta kule, jua likapunguza kazi ya mwezi, na hayo ndiyo maji mafu. Nguvu ya mwezi ikihesabiwa kuwa moja, siku za bamvua jumla ni moja na nusu kasoro, na siku za maji mafu hubaki nusu na ushei; ukigawa ya kwanza kwa ya pili, unapata karibu mara tatu. Ndiyo tofauti ile ile ya mita 3 na mita 1. Hesabu ya Newton na neno la mvuvi zimekutana ufukweni.

Kuna jambo jingine la ajabu ambalo wengi huliona bila kulitilia maanani. Kwa kuwa bamvua hufungamana na mahali mwezi ulipo ukilinganishwa na jua, na saa zetu hufuata jua, basi katika mahali pamoja bamvua hupwa karibu saa zile zile maisha yote. Mwambao huu huwa ni kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Haitokei bamvua ikapwa hapa saa kumi alasiri. Hivyo siku ambazo mwamba huwa wazi zaidi huwa wazi saa ambazo mama ameshapeleka watoto shule, ameshafagia uwanja, na jua halijafika utosini. Siku za maji mafu huwa kinyume: maji hujaa mnamo saa nne na kupwa mnamo saa kumi. Ratiba ya kazi za nusu ya kijiji imepangwa na mzunguko wa mwezi.

Kalenda mbili ukutani

Sasa angalia kalenda zinazotundikwa kwenye maduka mengi ya mwambao. Chini ya tarehe kubwa za Januari na Februari huwa kuna tarehe ndogo, za Rajabu, Shaabani, Ramadhani. Mgeni hudhani zile ndogo ni za ibada tu. Mvuvi huzisoma pia kama jedwali la maji. Mwezi wa Kiislamu huanza kwa mwezi mwandamo kuonekana, na hilo hutokea siku moja au mbili baada ya mwezi, dunia na jua kupangana mstari. Bahari nayo, kwa uzito wake, hukawia kiasi hichohicho kuitikia. Basi mwezi unapoonekana magharibi, mwembamba kama ukucha, bamvua imeshabisha hodi. Siku za mwanzo wa mwezi ni bamvua. Kuanzia tarehe 7 au 8 maji huanza kufa. Tarehe 15 na 16 bamvua imerudi. Baada ya tarehe 22 maji yamekufa tena. Si ajabu kwamba Kiswahili kina neno moja tu, mwezi, kwa kile kinachong'aa angani na kwa zile siku 29 au 30 tunazozihesabu.

Ila kalenda hiyo ina upofu mmoja. Miezi 12 ya kuandama hufanya siku kama 354, pungufu ya siku 11 kwa mwaka wa jua. Ndiyo maana Ramadhani hutembea: aliyeifunga utotoni wakati wa masika ataifunga baadaye katika joto la kaskazi, upepo wa kaskazini, na baada ya miaka kama 33 atakuwa ameizunguka misimu yote. Kalenda ya mwezi itakuambia leo maji yatapwa saa ngapi, lakini haiwezi kukuambia upepo utageuka lini. Na kwa mwenye jahazi, upepo ndio riziki.

Waswahili hawakung'ang'ania chombo kimoja kwa kazi mbili. Waliweka hesabu ya pili, ya jua, iliyoanza siku ya Nairuzi, neno lililovuka bahari kutoka Uajemi. Mwaka huo waligawa kwa miongo, siku kumi kumi. Miongo 36 ni siku 360, ukiongeza siku tano mwaka umetimia. Kwa mwongo mtu alijua siku za kupanda, siku za kushusha chombo majini, na siku za kukipandisha. Sherehe ya Mwaka Kogwa kule Makunduchi, Unguja, ni mabaki yaliyo hai ya hesabu hiyo. Hesabu hiyo nayo ina kasoro yake: haina siku ya ziada kila mwaka wa nne, kwa hiyo husogea siku moja kila miaka minne. Lakini kwa mwendo huo ingehitaji zaidi ya miaka 700 kuhama kutoka msimu wa kusi, upepo wa kusini, hadi msimu wa kaskazi. Kwa maisha ya nahodha mmoja, au hata ya wajukuu zake, kosa hilo halizamishi chombo.

Kosa la kutojua upepo ndilo huzamisha. Malindi, mwendo mfupi kaskazini ya hapa, bado imesimama nguzo ya Vasco da Gama, baharia wa Kireno. Tarehe 24 Aprili 1498 alitweka tanga kutoka Malindi akiwa na rubani aliyempata hapo, kusi ikiwa inaanza. Tarehe 20 Mei alikuwa amefika upande wa Calicut, India, siku 26 tu. Kurudi, hakungoja kaskazi ishike. Aliondoka mwanzoni mwa Oktoba, na safari ile ile ikamchukua kama miezi mitatu, mabaharia wake wakifa kwa ugonjwa wa kukosa matunda na mboga mbichi. Alitia nanga Malindi Januari 1499. Bahari ilikuwa moja na merikebu zilikuwa zile zile. Kilichopungua ni mtu wa kumwambia angoje.

Daraja na kinachosahaulika

Mnarani yenyewe imepata jina kwa mnara wa kaburi uliosimama kwenye magofu yaliyo juu ya jabali, katikati ya mibuyu. Mji ule uliishi kuanzia karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 17, na msikiti wake unasifika kwa maandishi yaliyochongwa kwenye mawe. Waliochonga mawe yale walikaa juu ya mkono wa bahari ambao chombo huingia na kutoka kwa kufuata mkondo wa maji. Sidhani kama palikuwa na mtu mzima pale asiyejua tarehe ya mwezi.

Hata mwishoni mwa karne ya 20, anayetoka Mombasa kwenda Malindi alilazimika kusimama Mnarani angoje feri. Alipongoja, aliyaona maji: leo yako juu, leo yako chini. Daraja la Kilifi lilipofunguliwa mwaka 1991, tulipata haki ya kuvuka bila kuyauliza maji neno. Ni neema kubwa, hasa kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitali usiku. Lakini maarifa hukaa mahali panapohitajika, na tusipoyahitaji huondoka kimya kimya, bila kuaga. Vijana wengi wanaovuka kwa bodaboda wanalijua neno bamvua kama jina la kitu fulani cha wavuvi.

Wapo watakaosema simu inatosha, na kweli simu inayo majedwali ya maji. Mamlaka ya Bandari ya Kenya nayo huchapisha yake kila mwaka, na hayo hutaja dakika na sentimita ambazo neno haliwezi kuzitaja. Neno bamvua halikuambii mita 3 na nusu. Lakini jedwali nalo halikuambii kwa nini, wala halikumbukwi betri ikizimika. Usisafirie nyota ya mwenzio, wasemavyo wahenga. Anayebeba jedwali bila neno anasafiria nyota ya mwenzake.

Turudi kwa mgeni wetu, amesimama na viatu mkononi, wenzake wakimtazama. Afanye nini? Asiulize saa, wala asiulize siku. Amwendee kijana anayeshona wavu, amsalimu, kisha amuulize mwezi una siku ngapi leo. Akijibiwa tisa, avae viatu vyake, awanunulie wenzake madafu, na arudi baada ya wiki moja.