Meno ya Bandia Yalale Majini

Katika nyumba nyingi yumo mzee aliyepotewa na meno yake, naye sasa hutumia meno ya bandia. Asubuhi huongea nayo, adhuhuri hula nayo, jioni huketi nayo kati ya wajukuu wake. Je, usiku huyatoa, au hulala nayo? Wengi hudhani kwamba hilo ni jambo dogo, tena ni shauri la mwenye kinywa peke yake. Sisi nasi tulidhani hivyo zamani. Lakini waganga wa Japani wamelichunguza kwa uangalifu, na yale waliyoyaona yampasa kuyajua kila mtu aliye na mzazi mzee.

Uchunguzi wa Tokyo

Katika mji wa Tokyo walichaguliwa wazee 524, wote wenye umri wa miaka 85 au zaidi. Hawakuwa wagonjwa waliolala hospitalini, bali watu waliokaa makwao. Waganga walitazama vinywa vyao, wakawauliza desturi zao, kisha wakafuata habari zao kwa muda wa miaka 3. Matokeo yalitangazwa mwaka wa 2015.

Katika muda huo wazee 48 walipatwa na nimonia, yaani ule ugonjwa mkali wa mapafu: 20 walikufa, na 28 walipelekwa hospitalini kwa haraka. Basi, waganga wakatazama wale waliotumia meno ya bandia. Walikuwa 453, na 186 kati yao walikuwa na desturi ya kulala nayo. Ikaonekana ya kuwa hatari ya nimonia kwa hao waliolala nayo ilizidi mara mbili ile ya wenzao waliokuwa wakiyatoa. Hatari hiyo ilikaribia kuwa sawa na ile ya mtu aliyewahi kupatwa na kiharusi.

Tusiogopeshane bure. Wengi wa wale waliolala na meno yao hawakuugua. Lakini kwa mtu wa miaka 85 nimonia si mafua. Mara nyingi ndiyo inayofunga safari yake hapa duniani. Hatari inayoweza kupunguzwa kwa kikombe cha maji haifai kudharauliwa.

Kwa sababu gani?

Meno ya bandia ya siku hizi hutengenezwa zaidi kwa akriliki. Kwa macho huonekana laini kama kioo, lakini kwa kweli yana vitundu vidogo sana. Humo hujishika mabaki ya chakula na utando unaoteleza, na ndani ya utando huo huishi vijidudu vingi, pamoja na kuvu iitwayo kandida. Sahani ya meno ikifunika kaakaa mchana na usiku, mate hayapati nafasi ya kuosha mahali pale, na ngozi ya ndani huwa nyekundu na kuvimba. Mara nyingi mwenyewe hasikii maumivu yoyote, kwa hiyo hana habari.

Tena, tulalapo mate hupungua sana, na kumeza hupungua. Matone madogo ya mate huweza kuteremka polepole hata mapafuni. Kijana mwenye nguvu huyakohoa na kuyashinda, lakini mzee aliyedhoofika hawezi sikuzote. Matone yakibeba vijidudu vingi, ugonjwa umepata njia. Nao waganga wa Tokyo waliona ya kuwa wale waliolala na meno walikuwa na utando mwingi zaidi juu ya ulimi na juu ya meno yao, na kandida ilionekana kwao zaidi.

Msomaji mwenye akili atauliza: Labda kosa si kulala nayo, bali ni uchafu wa watu wasiojali? Swali hilo ni la haki. Uchunguzi wa namna ile waonyesha mambo mawili yanayokwenda pamoja; hautoshi kuthibitisha kwamba moja ndilo lililozaa jingine. Lakini uko uchunguzi mwingine, wa Japani vilevile, uliotangazwa mwaka wa 1999. Ulifanyika katika nyumba 11 za kutunzia wazee. Watu 366 walifuatwa kwa miaka 2, wakiwa wamegawanywa katika makundi mawili. Kundi moja walisafishwa vinywa na wauguzi baada ya kila mlo. Kundi la pili waliendelea kama desturi. Katika wale 184 waliosafishwa, 21 walipata nimonia. Katika wale 182 wengine, 34. Basi, usafi wa kinywa ni kinga ya mapafu.

Yafaa kufanywa nini?

Kila jioni mzee ayatoe meno yake. Yasuguliwe pande zote kwa burashi laini na sabuni ya kawaida, juu ya beseni lenye maji, ili yakiponyoka yasivunjike. Yasioshwe kwa maji ya moto, maana yatapindika. Kisha yalale katika maji safi ya baridi, yasikauke. Ufizi, ulimi na kaakaa pia visafishwe kwa burashi laini au kitambaa chenye maji.

Meno yakilegea au yakiumiza, mwenyewe asiyachonge kwa kisu. Mfupa wa taya huendelea kupungua baada ya meno kung'oka, hata sahani iliyokaa vizuri jana haikai tena. Ni kazi ya mganga wa meno kuirekebisha. Na kidonda cha kinywani kisichopona kwa majuma 2 lazima kionwe na mganga, kwani huenda ni saratani.

Limebaki jambo moja, nalo ni gumu kuliko yote: aibu. Wazee wengi hulala na meno yao kwa kuwa hawapendi kuonwa bila meno, hata na watoto wao wenyewe. Hapo dawa haiko kwa mganga, iko kwetu sisi wa nyumbani. Mtoto asicheke. Mjukuu alete kikombe cha maji safi kila jioni kwa heshima, kama aletavyo maji ya kunawa kabla ya chakula, na babu atayatoa meno yake kwa moyo mtulivu.