Kukausha Nguo Ndani ya Fleti: Jinsi ya Kuchagua Mashine Isiyohitaji Bomba la Kutolea Hewa Nje

Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Novemba, huwaletea wakazi wa nyumba za ghorofa jijini Kampala shida moja ambayo huwafikia polisi kwa sura nyingi. Nguo hazikauki. Anayekaa chini hulalamika kwamba maji ya nguo za jirani wa juu yanadondokea roshani yake. Aliyeanika uani huamka alfajiri akakuta kamba tupu. Mwingine hutandaza mashuka kwenye vyuma vya ngazi na kuweka vianikio katika ushoroba, mahali ambapo watu wote wa jengo wangepita kukimbilia uhai wao kama moto ungezuka. Tena wapo wanaoingiza jiko la makaa chumbani na kufunga dirisha ili sare za watoto ziwe kavu kabla ya asubuhi. Hili la mwisho ndilo baya kuliko yote. Jiko la makaa katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo humwua mtu usingizini bila yeye kushtuka.

Kwa sababu hiyo, swali la mwananchi anayetaka kununua mashine ya kukaushia nguo si la anasa, wala si geni kwa Jeshi la Polisi. Nchini Uganda zimamoto ni kurugenzi iliyomo ndani ya Jeshi hili, na mashine inayochaguliwa vibaya au kufungwa vibaya ni jambo letu kama ulivyo wizi wa nguo kambani.

Tuanze na maji yenyewe, kwani mengine yote hutokana nayo. Kilo saba za nguo za pamba zilizotoka katika mashine ya kufulia inayokamua kwa mizunguko 1,000 kwa dakika hubaki na lita nne hivi za maji. Maji hayo hayana budi kwenda mahali. Mashine za aina ya zamani huyatoa yakiwa mvuke kupitia bomba nene linalotobolewa ukutani. Mpangaji wa fleti ni nadra kuruhusiwa kutoboa ukuta. Naye akiitumia mashine hiyo bila bomba, zile lita nne huishia kwenye dari, nyuma ya kabati na ndani ya godoro, na baada ya wiki chache ukungu mweusi huota pembeni mwa chumba. Mashine isiyohitaji bomba hufanya kinyume: huuzungusha upepo uleule ndani yake, ikaupoza mpaka mvuke ukageuka maji, kisha maji hayo yakakusanyika katika tangi dogo la kumwagwa kwa mkono au yakafuata mpira mwembamba hadi kwenye sinki.

Ziko za namna tatu. Ya kwanza hupasha hewa moto kwa waya, kama pasi, kisha huipoza kwa hewa ya chumba. Ya pili hutumia pampu ya joto, yaani mtambo wa friji uliofanywa kazi pande zote mbili: upande wa baridi hukamua mvuke kutoka hewani, na joto lililookolewa hapo hurudishwa kuipasha hewa ileile. Ya tatu ni mashine moja inayofua na kukausha.

Hii ya tatu huwavutia wengi kwa kuwa inachukua nafasi ya mashine moja tu, lakini muuzaji hasemi daima kwamba uwezo wake wa kukausha ni mdogo kuliko wa kufua. Iliyoandikwa kilo nane huenda ikakausha kilo tano tu. Mwenye haraka akiziacha zote nane ndani, hutoka zikiwa na makunyanzi na zingali na unyevu. Nyingi za aina hiyo pia hutumia maji ya bomba kupozea mvuke, jambo ambalo anayelipia maji kwa mita, au anayekaa mtaa wenye mgao wa maji, anapaswa kuliuliza kabla ya kutoa fedha.

Kati ya mbili za mwanzo, tofauti kubwa ni umeme na muda. Mashine ya waya wa moto huvuta wati 2,000 hadi 2,700, na mzigo kamili wa kilo saba au nane hula uniti nne hadi tano kwa saa moja na nusu au mbili. Ya pampu ya joto kwa kawaida huvuta chini ya wati 1,000, humaliza kazi hiyo kwa uniti mbili au pungufu, lakini huchukua saa mbili na nusu hadi tatu na zaidi. Familia inayokausha mara tatu kwa wiki itamaliza uniti karibu 60 za Yaka kwa mwezi kwa mashine ya kwanza, na kama 25 kwa ya pili. Bei ya dukani ya pampu ya joto ni kubwa zaidi. Hata hivyo, kwa mpangaji wa fleti tungechagua hiyo bila kusita sana, na sababu si fedha peke yake. Joto ndani ya pipa lake hukaribia nyuzi 50 za selisiasi, pungufu ya lile la mashine ya waya, na mzigo wake kwenye nyaya za jengo ni mwepesi. Huko Ulaya jambo hili limekwisha kuamuliwa kisheria: tangu tarehe 1 Julai 2025 kiwango cha matumizi ya umeme kilichowekwa na Umoja wa Ulaya kwa mashine mpya za kukaushia ni kile kinachofikiwa na pampu ya joto tu. Si ajabu basi mashine za aina nyingine zikatafuta soko kwingine, kwa bei ya kushawishi.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya maelekezo kutoka ng'ambo havilitaji, kwa sababu waandishi wake hawalifikirii. Nyumba nyingi kwetu hufua kwa mikono. Nguo iliyokamuliwa kwa mikono, hata na mtu mwenye nguvu, hubaki na maji mengi kupita ile iliyozungushwa na mashine. Taulo zito na suruali za dangirizi huweza kubeba maji yanayokaribia uzito wao wenyewe. Kuziingiza hivyo katika mashine ya kukaushia ni kununua umeme kwa kazi ambayo kikamulio kingeifanya kwa dakika tano. Mwenye fedha ya chombo kimoja tu, na anayefua kwa beseni, atafaidika zaidi akianza na kikamulio au mashine ndogo ya mapipa mawili, kisha aanike ndani karibu na dirisha lililo wazi. Nguo iliyokamuliwa vizuri mara nyingi hukauka usiku mmoja hata wakati wa mvua. Nguo zinazokauka ndani huepushwa pia na yule inzi wa embe anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa kivulini, ambaye buu wake huingia ngozini na kuleta jipu. Zilizoanikwa nje zipigwe pasi yenye moto pande zote, mishono isisahauliwe.

Sasa umeme. Plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba ina fyuzi ya ampea 13, ambayo kwa volti 240 haivuki wati 3,120. Mashine ya waya wa moto inayovuta 2,500 hukaribia kikomo hicho na kukaa hapo kwa zaidi ya saa nzima, si kama birika linalochemka dakika nne. Ikichomekwa kwenye waya wa kurefushia pamoja na pasi, mzigo hupita wati 4,500. Waya mwembamba wa sokoni huanza kulainika, plagi hugeuka rangi ya kahawia, na harufu ya plastiki ikisikika tayari ni kuchelewa. Mashine ya kukaushia ichomekwe moja kwa moja katika soketi ya ukutani isiyolegea, peke yake, na katika majengo ya zamani fundi umeme mwenye kibali aangalie kwanza unene wa waya uliomo ukutani. Baada ya nusu saa ya matumizi ya kwanza, gusa uso wa plagi kwa kiganja: uvuguvugu ni kawaida; ikikuchoma, zima.

Adui wa pili ni zile nyuzinyuzi laini zinazotoka kwenye nguo, ambazo hushika moto upesi kama pamba. Chujio la mlangoni lisafishwe kila baada ya mzigo mmoja, si kila wiki. Kwenye mashine ya pampu ya joto lipo la pili chini, au sehemu ya kupozea inayohitaji kufikiwa, na mnunuzi amwombe muuzaji amwonyeshe palepale dukani namna ya kulitoa. Jambo hili lina mfano unaojulikana. Mnamo Agosti 2016 moto ulipanda ghorofa kadhaa za jengo refu la makazi la Shepherd's Court, magharibi mwa London, na uchunguzi wa zimamoto wa jiji hilo ulionyesha kwamba ulianzia kwenye mashine ya kukaushia nguo. Ndiyo maana tunawasihi wananchi wasiiwashe na kwenda kulala au kutoka nyumbani, ingawa tunafahamu kwamba usiku ndio wakati watu wanaona una nafasi.

Tena usikaushe humo kitambaa chenye mafuta. Matambara ya mpika chapati, mashuka ya saluni ya kukanda mwili na ovaroli za makanika hubaki na mafuta hata baada ya kufuliwa. Yakipashwa moto kisha yakarundikwa, mafuta hayo huendelea kuzalisha joto yenyewe, na rundo huweza kuwaka saa kadhaa baada ya mashine kuzimwa. Kwa sababu hiyohiyo, umeme ukikatika katikati ya kazi, nguo zitolewe na kutandazwa zipoe. Dakika za mwisho ambazo mashine huzunguka bila moto zimewekwa kwa makusudi.

Mahali pa kuiweka pasiwe kabati lililofungwa. Mashine hizi hupumulia chumba, na zikikosa hewa hurefusha muda na kuchemka. Isiwekwe ushorobani wala chini ya ngazi. Tena mwenye nyumba aarifiwe kwa maandishi kabla haijapandishwa: hufikia kilo 50, na ugomvi mwingi wa wapangaji unaofikishwa kwa mwenyekiti wa LC I huanzia kwa chombo kilichoingizwa kimyakimya. Ya pampu ya joto ikiwa imesafirishwa kwa kulazwa kwenye pikapu, isimamishwe saa kadhaa kabla ya kuwashwa, kadiri kitabu chake kinavyoelekeza, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Watoto wadogo hupenda kujificha ndani ya pipa. Mlango ufungwe daima na plagi itolewe.

Mwenye kununua iliyotumika adai risiti au hati ya mauzo yenye jina la muuzaji, namba yake ya simu na namba ya utambulisho iliyobandikwa nyuma ya mlango wa mashine. Kibandiko kilichokwanguliwa ni sababu ya kuondoka. Kupokea mali ya wizi ukijua au ukiwa na sababu ya kushuku ni kosa la jinai, na kusema tu kwamba bei ilikuwa nzuri hakutakusaidia. Piga picha ya kibandiko hicho uihifadhi. Ikiibwa kwako, namba hiyo ndiyo itakayotuwezesha kuirudisha.

Ikitokea moshi au harufu ya kuungua ukiwa karibu na mashine inayofanya kazi, usifungue mlango wake, kwani hewa mpya huupa moto nguvu. Zima umeme kwenye swichi kuu ikiwa njia ni salama, usiimwagie maji, toa watu wote, funga mlango wa chumba nyuma yako, gonga milango ya majirani ukiwa unashuka kwa ngazi, na ukiwa nje piga 999 au 112. Simu hizo hazitozwi fedha. Taja mtaa, jina la jengo na ghorofa, na mtu mmoja asimame barabarani kuwapokea askari wa zimamoto.