Tumsikie Mtoto Vizuri Kwenye Kompyuta

Akina mama wenzetu, wengi wetu hapa Sumbawanga tuna watoto Dar es Salaam, na wengine ng'ambo. Tunaonana nao kwa kompyuta, kwa programu kama Zoom. Tabu ni sauti kukatika, mama akabaki akikisia kama mwanawe amesema anaumwa au amepona.

Mtandao ukiwa dhaifu, tuzime kamera. Picha hula mtandao mara nyingi zaidi ya sauti, na habari yote imo katika sauti. Tumwone mtoto mwanzoni, dirisha likiwa mbele yetu ili naye atuone, halafu tuzime tuongee.

Mtoto akilalamika kwamba anajisikia mwenyewe, ni sauti yake inayotoka kwenye spika zetu na kurudi kwenye maikrofoni. Spika za masikioni humaliza jambo hilo. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji nacho huvumisha maneno. Mapazia na blanketi huyatuliza, na blanketi Ufipa hatukosi! Lakini mvua ikipiga bati, tungoje ikatike.

Tukiwa wengi, spika za masikioni hazifai. Basi tupunguze sauti ya kompyuta, na bibi apewe kiti cha karibu.