Dunia Bapa? Tutazame Madishi ya Baba Dogo

Kuwacheka vijana washikiliao kwamba dunia ni bapa, na kwamba setilaiti ni uzushi, hakufai kitu. Na wapande juu ya ghorofa za Baba Dogo wayaone madishi ya televisheni: mengi hulenga karibu utosini, kwenye setilaiti iliyo juu ya ikweta, kilomita 36,000 hivi, izungukayo sambamba na dunia. Johannesburg, dishi la setilaiti hiyo hiyo huinamia kaskazini zaidi ya digrii 30. Dunia ingekuwa bapa, kwa kimo hicho, lingeinama takriban digrii 5 tu.

Na ubishi huu wazuka Kenya! Setilaiti Uhuru ilirushwa karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Ni wanafunzi wangapi waliosimuliwa?