KAMATI YA WATU WATANO: SHARTI LIPI LINATUNYIMA UHURU?

Kila unapofika wakati wa kuchagua kamati ya tawi, iwe kiwandani hapa Kampala au katika mashamba ya chai na miwa, husikika malalamiko yale yale: "Mkituwekea masharti mnatunyima uhuru wa kuchagua." Linalolalamikiwa zaidi ni sharti la kuwatengea wanawake nafasi. Tumeona afadhali tuache kelele, tushike kalamu na karatasi, tuhesabu.

Sharti lenyewe si geni. Katika Bunge la Uganda wafanyakazi wana wawakilishi 5, na Sheria ya Uchaguzi wa Bunge ya mwaka 2005 inataka angalau 1 kati yao awe mwanamke. Katiba ya mwaka 1995 nayo imetenga thuluthi moja ya viti vya mabaraza ya serikali za mitaa kwa wanawake.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme tawi lina wagombea 10, wanaume 6 na wanawake 4, na inatakiwa kamati ya watu 5. Zinaweza kuundwa kamati ngapi zilizo tofauti?

Mtu wa kwanza anaweza kuwa yeyote kati ya 10. Wa pili, yeyote kati ya 9 waliobaki. Kisha 8, kisha 7, kisha 6. Tukizidisha 10 × 9 × 8 × 7 × 6 tunapata 30,240. Lakini hapo kila kamati tumeihesabu mara nyingi, maana watu wale wale 5 ni kamati ile ile, uanze kumtaja huyu au yule. Majina 5 yanaweza kupangwa kwa njia 5 × 4 × 3 × 2 × 1, yaani 120. Basi tunagawa 30,240 kwa 120. Jibu ni kamati 252.

Tulete sharti: angalau mwanamke 1 awemo. Hapa wengi hukosea. Husema, "Tuchague kwanza mwanamke, njia 4, halafu tujaze nafasi 4 kutoka kwa watu 9 waliobaki, njia 126, 4 mara 126 ni 504." Ndugu, kamati zote bila sharti lolote ni 252, zitakuwaje 504 baada ya kuweka sharti? Kosa ni kwamba kamati yenye wanawake 2 imehesabiwa mara mbili, na yenye 3 mara tatu. Ni sawa na karani anayeandika jina la mtu mmoja mara mbili katika orodha ya mshahara.

Njia iliyo rahisi ni kuhesabu zile zinazokatazwa, kisha kuzitoa. Kamati isiyo na mwanamke hata mmoja inatoka kwa wanaume 6 peke yao. Kuchagua 5 kati ya 6 ni sawa na kumwacha mmoja nje, kwa hiyo ziko 6 tu. Toa 6 katika 252: zinabaki 246.

Tukitaka thuluthi moja kama ya mabaraza, wanawake wasipungue 2. Tutoe basi na zile zenye mwanamke 1 tu: wanawake 4, mara njia 15 za kupata wanaume 4 kati ya 6, ni 60. Zinabaki kamati 186. Bado uwanja ni mpana.

Sasa tupime sharti la aina nyingine. Tuseme uongozi wa kiwanda unapendekeza wanyapara 2, ambao wamo kati ya wagombea wale 10, waingie katika kamati moja kwa moja "ili kazi iende vizuri". Linasikika kama jambo dogo, watu 2 tu. Lakini zimebaki nafasi 3 za kujaza kutoka kwa watu 8: 8 × 7 × 6 ni 336, gawa kwa 6, ni kamati 56. Sharti la mwanamke 1 limetuondolea kamati 6. Sharti la wanyapara 2 limetuondolea 196!

Wengine watauliza: kama kamati za wanaume watupu ni 6 tu kati ya 252, sheria ya nini? Jibu ni kwamba kura si bahati nasibu ya kuchota majina kofiani. Watu humchagua waliyemzoea, na mkutano ukiitishwa usiku, mama mwenye watoto nyumbani hayupo kujieleza. Kwa njia hiyo moja ya zile kamati 6 inaweza kurudi mwaka hadi mwaka, na zile 246 zisionekane kamwe. Sharti limewekwa kwa ajili hiyo.

Ndugu wafanyakazi, sharti linapoletwa mkutanoni, msilipime kwa sauti ya anayelileta. Ulizeni mambo mawili: linatuondolea kamati ngapi, na linamlinda nani? Hesabuni kwanza, ndipo mpige kura.