MOTO NDANI YA MOTOKARI UNATOKA WAPI?



Ukigusa batri ya motokari kwa vidole vikavu husikii kitu. Ni volti 12 tu, na kwa kamio kubwa ni 24, juu wanaunga batri mbili pamoja. Kwa hiyo wengi wanasema umeme wa motokari hauna nguvu. Wanadanganyika. Kinachotia joto ndani ya waya ni mkondo, ndio zile ampea. Taa mbili za mbele zinakula ampea kama 10 hivi. Lakini batri ile ile, ukiunganisha chanya na hasi kwa kipande cha chuma, inatoa mamia ya ampea mara moja. Wenye kusoma fizikia wanakumbuka sheria ya Joule: mkondo ukizidi mara 2, joto linazidi mara 4, ukizidi mara 10, joto mara 100. Waya mwembamba unakuwa mwekundu, plastiki yake inashika moto, na pembeni kuna mafuta ya injini, vumbi, kitambaa fundi alichosahau, wakati mwingine na bomba la esanse.

Umeme unapotea njia namna gani? Upande wa hasi umefungwa kwa chuma cha motokari yenyewe. Mafundi wanaita masi. Basi kila chuma unachokiona ni kama waya wa kurudia. Waya wa chanya ukichunika ngozi na kugusa chuma popote, umeme unapita hapo, haufiki kwa taa. Na barabara zetu tunazijua. Kutoka Sake kupitia Shasha mpaka Minova, ao ukipanda Masisi, motokari inatikisika safari nzima, na waya usiofungwa vizuri unasuguliwa kidogo kidogo.

Ndiyo sababu waliweka fizible. Ni waya dhaifu uliochaguliwa kufa mbele ya wengine. Ikiungua inatuambia: kuna ugonjwa, utafuteni. Lakini shofere ana haraka, abiria wanapiga kelele, usiku unaingia; msaidizi wake anatia pale kipande cha waya wa shaba, ao ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Taa zinawaka, watu wanafurahi. Kumbe sasa waya zote za motokari zimekuwa fizible! Tena mjue, kebo nene inayotoka kwa batri kwenda kwa demareri mara nyingi haina fizible hata moja. Fundi mzuri anaitazama hiyo kwanza.

Iko moto mwingine ambao fizible haiuoni. Ni pale waya mbili zinapoungana vibaya: kutu, maji, skrubu iliyolegea. Mkondo haukuzidi, ila njia ni nyembamba, na joto linakusanyika pale pale. Mfano mkubwa ulitoka nchi za baridi. Kule Kanada na kaskazini ya Marekani baridi inafika digri 30 chini ya sifuri, na mafuta ya injini yanakuwa mazito. Mwaka 1949 Andrew Freeman wa North Dakota alipewa hati ya uvumbuzi kwa rezistansi ndogo inayopasha injini usiku, ikichomekwa kwa umeme wa nyumba. Basi mwaka 2018 kampuni Ford iliita motokari zake karibu 874,000 zirudi garaji, kwa sababu maji na uchafu viliweza kuingia mahali waya wa rezistansi ulipoungwa, na kuleta moto. Siye wa kando ya Ziwa Kivu hatuna haja nayo. Lakini motokari ya okazyo kutoka baridi inaweza kufika na waya ule unaning'inia mbele. Msiuchomeke kwa jenereta mkisema ni wa kuchaji batri. Hauchaji kitu.

Sange, tarehe 2 Julai 2010, kamio ya mafuta ilipinduka, watu wakaja kuchota, moto ukawaka: zaidi ya watu 230 walikufa. Morogoro, Tanzania, tarehe 10 Agosti 2019, ikawa vile vile, zaidi ya 100. Huko ilisimuliwa kwamba mtu alikuwa akivuta kung'oa batri ya kamio, cheche ikaruka. Esanse inatoa mvuke hata wakati wa baridi, na mvuke huo ni mzito, unatambaa chini. Mbele yake cheche moja ya batri inatosha. Kamio ya namna hiyo haikaribiwi, hata kama bidoni ya bure inakuita.

Kwa motokari ya kawaida, mkisikia harufu ya plastiki inayoungua, shofere asimame, azime kontakti, watu wote washuke, hata wale wa juu ya mizigo. Kama miali haijaonekana, batri ifunguliwe, upande wa hasi kwanza. Ukianza na chanya, na ufunguo wako ukigusa chuma cha motokari, ufunguo wenyewe unakuwa waya, na ampea zote zinapita ndani ya ufunguo huo ulioushika. Ukianza na hasi, ufunguo ukigusa chuma hakuna kitu, juu hasi na chuma vilikuwa vimeungana tangu mwanzo.